Una sukari, presha au maradhi mengine ya kudumu? Hivi ndivyo utakavyopimwa saratani

Kadi ya kliniki ya mamangu ninayo mpaka leo. Ni ya tatu. Ya kwanza ilirowa maji ya chumvi kwenye boti ya Mokowe, ya pili ilijaa. Ukiifungua utaona safu za tarehe, kila mwezi, mwendelezo wa miaka tisa: sukari imesoma ngapi, presha imesoma ngapi, uzito, vidonge alivyopewa. Muda huo wote alionana na watu wa afya zaidi ya mara mia moja, na hakuna hata siku moja aliyoulizwa kama amewahi kupimwa matiti au mlango wa kizazi. Uvimbe wa titi aliugundua mwenyewe akioga, ukiwa umeshakuwa kama ndimu.

Kliniki yenyewe siitaji. Walikuwa watu wema, walimjua kwa sauti, akichelewa walimuulizia. Walipewa kazi ya sukari wakaifanya ya sukari. Ndiyo maana nimeona niandike: mwenye maradhi ya kudumu anaonekana hospitali kila mwezi, kumbe kuna sehemu ya mwili wake isiyoangaliwa na yeyote. Nimeandika nikiwafikiria watu wa Lamu na visiwa vyake, ambako hospitali ni safari ya bahari, lakini wa Malindi na Mpeketoni yatawafaa pia.

Na si kwetu tu. Kule Ontario, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha wanawake wenye kisukari na wasiokuwa nacho, wa miaka 50 hadi 67. Wenye kisukari walikwenda kwa daktari mara nyingi zaidi, lakini waliopigwa picha ya matiti walikuwa wachache zaidi. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki hatashangaa. Daktari ana dakika chache, sukari imepanda, kidonda cha mguu kinatoa maji, dawa fulani imekwisha dukani. Hayo yakimalizwa zamu imepita. Na mgonjwa naye ana lake moyoni: "Mwili huu una maradhi ya kutosha, sitaki kutafutiwa mengine." Simlaumu anayesema hivyo. Anayejidunga sindano kila siku ana haki ya kuchoka.

Ila baadhi ya maradhi hayo ya kudumu hayakai mbali na saratani. Wenye kisukari cha ukubwani hupata zaidi saratani ya ini, kongosho, utumbo mpana, titi na ya mfuko wa uzazi kuliko wasio nacho. Mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi ana hatari mara sita ya kupata saratani ya mlango wa kizazi. Homa ya ini ya aina ya B ikikaa mwilini miaka mingi huweza kuzaa saratani ya ini. Kichocho cha mkojo, ambacho watoto wengi wa Pwani na wa mabonde ya Tana wamekipata kwa kuoga madimbwini, kisipotibiwa kwa miaka huweza kuleta saratani ya kibofu.

Hatua ya 1: Jua ni kipimo gani kinachokuhusu

Kupima saratani katika mwongozo huu ni kumpima mtu asiye na dalili. Mwenye dalili ana njia yake, nitaieleza katika hatua ya pili.

Mlango wa kizazi ndio wa kwanza kwa mwanamke, kwa sababu hapa Kenya ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko nyingine, na pia ndiyo inayozuilika kwa urahisi zaidi: huchukua miaka mingi kabla ya mabadiliko madogo kugeuka saratani, na mabadiliko hayo huonekana na kutibiwa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni kuwa mwanamke aanze kupimwa HPV, virusi ambavyo ndivyo huleta saratani hii, akifika miaka 30, arudie kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na virusi vya ukimwi aanze miaka 25 na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Pasipokuwa na kipimo cha HPV, kuna kile cha siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki na kutazamwa kwa macho, nacho hurudiwa kila miaka 3. Kliniki yako ikikuita mapema zaidi ya hapo, nenda. Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: kipimo cha siki hakiwafai sana waliokwisha koma hedhi, kwa kuwa sehemu inayotakiwa kutazamwa huwa imejirudisha ndani. Mama wa miaka 55 aulizie cha HPV.

Matiti: muuguzi au daktari anaweza kuyakagua kwa mikono siku yoyote ya kliniki, na ni jambo la dakika chache. Mamografia, yaani picha ya matiti, mwongozo wa Kenya wa mwaka 2018 huianza miaka 40.

Utumbo mpana: kuanzia miaka 45, mwanamume na mwanamke, kwa kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, au kwa kamera inayoingizwa utumboni. Kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuugua, usingoje umri huo, mwambie daktari.

Tezi dume: kipimo cha damu cha PSA kina faida na kina madhara yake, kwani hugundua pia saratani nyingine ambazo zisingemsumbua mtu maisha yake yote. Mzee azungumze na daktari kwanza, kisha aamue.

Mwenye homa ya ini ya B aulize kuhusu ultrasaundi ya ini. Kwa baadhi yao, hasa ambao ini limekwisha kuwa na makovu, hupigwa kila miezi 6.

Hapa niseme jambo ambalo ni zito kulisema. Si kila mgonjwa anafaidika na vipimo hivi. Faida ya kupima mtu asiye na dalili huonekana baada ya miaka, mara nyingi kama kumi. Mzee ambaye moyo wake umeshindwa kiasi cha kutoweza kulala bila mito mitatu, au ambaye hali ya figo zake ni mbaya sana, huenda kipimo kikamletea usumbufu na hofu pasi na kumwongezea siku. Muulizeni daktari wazi: "Kwa hali yake hii, kipimo hiki kitamsaidia?" Jibu likiwa hapana, kutompima si kumtupa. Lakini jibu hilo litoke kwa daktari baada ya kumtazama. Lisitoke kwa watoto walioamua tu kwamba mama ameshachoka. Mwenye sukari au presha iliyotulia, wa miaka 50, hayumo katika kundi hili kabisa.

Hatua ya 2: Usiutwike ugonjwa wa zamani kila dalili

Hatua hii ndiyo ninayoijutia. Mamangu alipokonda tulisema ni sukari. Alipolalamika bega na kwapa tulisema ni kule kufua. Kila dalili ilikuwa na jina tayari nyumbani kwetu, kwa hiyo hatukumpeleka popote.

Mwenye kisukari akikonda huku sukari yake inasoma vizuri, hilo linahitaji kuelezwa. Mwenye pumu ambaye kikohozi kimebadilika, au anakohoa damu, asiongeze tu dawa ya kuvuta. Mwenye vidonda vya tumbo ambaye chakula kimeanza kumkwama kooni, kwanza ugali kisha mpaka uji, aende wiki hiyo hiyo. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ni miongoni mwa zinazosumbua sana nchi hii. Mwenye ugonjwa wa figo huwa na upungufu wa damu, ni kweli, lakini choo cheusi kama lami hakitokani na figo. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, hata mara moja, hilo si la kungoja tarehe ya kliniki. Damu katika mkojo kwa mtu aliyekulia kwenye kichocho isichukuliwe kuwa ni ile ya utotoni imerudi.

Ukiwa na moja ya haya, usiombe "kupimwa saratani" kama wanavyopimwa wazima. Sema una dalili, imeanza lini, na inazidi. Na wala jibu zuri la kipimo cha zamani lisikutulize. Aliyepimwa mlango wa kizazi mwaka jana akaambiwa yuko sawa, kisha akaanza kutokwa damu, arudi.

Hatua ya 3: Uliza siku ile ile ya kliniki yako

Huna haja ya safari mpya ili kuanza. Tayari una tarehe, una kadi, unajulikana. Shida ni kwamba swali lisipotoka kwako huenda lisitoke kwa mtu.

Uliza mwanzoni, unapopimwa presha, kabla hujaingia kwa daktari. Muuguzi wa pale ndiye anayejua nani anapima nini na siku gani. Maneno yasiwe mengi:

"Dadangu, mimi nina miaka arobaini na sita na sijawahi kupimwa mlango wa kizazi wala matiti. Leo naweza kupimwa hapa? Kama si hapa, ni wapi na ni siku gani?"

Kwa mzee wa kiume:

"Shikamoo daktari. Mbali na sukari, nataka tuzungumze juu ya tezi dume na utumbo. Umri wangu ni sitini."

Ukiambiwa "tutaangalia siku nyingine", omba iandikwe kwenye kadi: kipimo gani, tarehe gani. Kadi nyingi hazina mstari wa saratani, kwa hiyo iandikwe juu ya gamba kwa kalamu nzito. Kilichoandikwa huulizwa na yule atakayekuwa zamu mwezi ujao. Kilichosemwa tu huondoka na aliyekisema.

Wanaochukua dawa za kupunguza makali ya virusi waulize kliniki hiyo hiyo. Hapo siri yako inajulikana tayari, na kipimo cha mlango wa kizazi ni sehemu ya huduma yako. Jirani, mwajiri, hata wifi, hana haja ya kujua kwa nini umepimwa mapema kuliko yeye.

Hatua ya 4: Ulizia kabla ya kulipa nauli

Kipimo cha siki na ukaguzi wa matiti kwa mikono hufanyika hata katika vituo vidogo vyenye muuguzi aliyefunzwa. Mamografia na kamera ya utumbo ni mambo ya hospitali kubwa, na kwa watu wetu mara nyingi hilo humaanisha barabara ya Garsen hadi Malindi au Mombasa. Kabla ya kutoka Kizingitini, Siyu au Kiunga, piga simu au mwombe mhudumu wa afya wa kijiji akuulizie: mashine ipo, inafanya kazi, mpiga picha wake yupo siku hiyo, bei ni ngapi. Wahudumu hawa wa jamii, waliozinduliwa rasmi nchi nzima Septemba 2023, wengi wana mashine ya sukari na ya presha kwenye mkoba wao na wanazijua njia za hospitali kuliko sisi.

Kuhusu malipo: tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA. Jisajili kwa kubonyeza *147# kama bado. Katika zahanati na vituo vya afya huduma za msingi hazihitaji uwe umelipa mchango. Ukipelekwa hospitali kubwa unahitaji mchango uwe umelipwa. Uliza mapema ni kipi kinachobebwa na bima na kipi utatoa mfukoni. Barua ya rufaa ichukue kabla hujasafiri. Kuirudia Lamu ukiwa umeshafika Mombasa ni siku mbili zimepotea.

Januari na Oktoba huwa na kambi nyingi za kupima bure, Januari za mlango wa kizazi na Oktoba za matiti. Zitumie, lakini nenda na kadi yako, na usiondoke bila kujua majibu yatakufikiaje.

Hatua ya 5: Panga siku kwa mwezi, kwa pepo na kwa mwili wako

Mtu wa mjini Nairobi hatahitaji sehemu hii. Sisi tunaihitaji.

Ukiwa na hiari, safari ndefu ya hospitali ipange wakati wa kaskazi au matlai, bahari ikiwa imetulia. Kusi likishika, hasa Juni na Julai, mgonjwa wa moyo au mwenye mgongo mbovu atafika amepondeka kabla hajaguswa na daktari. Wanaotoka Pate na Faza wanajua kwamba mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakipwa sana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, saa za kupita ni chache. Siku za maji mafu zina nafasi zaidi. Ukipewa tarehe, itazame kwenye mwezi kabla hujaitikia.

Kwa anayetembea kwa mkongojo, aliyepooza upande au mwenye magoti ya kuuma, saa ya kupanda boti ni muhimu kuliko saa ya kufika. Maji yakiwa yamejaa, boti husimama karibu sawa na gati na mtu huvuka hatua moja. Yakipwa, anashushwa ngazi zenye ukungu na utelezi. Nimeona bibi akiahirisha kipimo miaka miwili si kwa kuogopa kipimo, bali ngazi hizo. Siku alipopelekwa maji yamejaa, na vijana wawili wa boti wakamshika kwapani, alikwenda na kurudi.

Mwanamke apange nje ya siku za hedhi. Kwa matiti, wiki inayofuata baada ya hedhi ndiyo yenye maumivu machache. Anayesafishwa figo apange siku isiyo ya kusafishwa. Ramadhani ikikaribia, panga kabla ya mfungo au baada ya Idi, ili suala la saumu lisiwepo kabisa. Kama tarehe imeangukia mfungo na haihamishiki, muulize sheikh wako mapema, usikae na wasiwasi kwenye foleni.

Hatua ya 6: Jiandae kulingana na ugonjwa ulio nao

Kosa kubwa linalofanywa na wenye sukari ni kufunga. Tumezoea kwamba vipimo vya hospitali hutaka tumbo tupu, basi mtu anakunywa dawa yake alfajiri, hali kitu, anapanda boti, anakaa kwenye foleni mpaka saa sita. Hapo sukari inashuka, anatetemeka, jasho linamtoka, na watu wanasema ni woga. Kipimo cha siki, cha HPV, mamografia, ukaguzi wa matiti, PSA na kipimo cha kinyesi havihitaji mtu akae na njaa. Kula kama kawaida, meza dawa kama kawaida. Chukua tende chache na chakula kidogo kwenye mkoba, hata kama unadhani utarudi mapema.

Insulini: chupa unayoitumia huvumilia joto la ndani ya nyumba wiki nne hivi, lakini haivumilii jua la boti. Ifunge kwa kitambaa kibichi, iweke ndani ya chombo chenye kivuli. Isigusane na barafu. Iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka.

Dawa ya presha imezwe asubuhi ile ile, kwa maji kidogo. Wengi huiacha kwa kuogopa kukojoa njiani, wakifika presha iko juu na watu wa hospitali wanashughulika na presha badala ya kilichowaleta. Kama kidonge chako ni cha kukojoza, uliza mapema kama unaweza kukisogeza saa, usikiruke.

Kamera ya utumbo ni habari nyingine. Hiyo inataka utumbo uwe mtupu, na maandalizi yake humgusa mwenye sukari, figo na moyo kila mmoja kwa namna yake. Mwenye sukari apewe maelekezo yaliyoandikwa: insulini ipunguzwe kiasi gani, vidonge gani viachwe, anywe nini chenye sukari endapo itashuka. Mwenye figo aseme wazi, kwa kuwa baadhi ya dawa za kusafisha tumbo, zenye fosfeti, huweza kuziumiza zaidi. Anayemeza dawa ya kuyeyusha damu kama wafarini aitaje mapema, maana wanaweza kukata kinyama cha kupima na damu ikagoma kusimama. Usiiache kwa uamuzi wako; kuiacha kiholela kunaweza kukuletea kiharusi.

Siku ya mamografia, kwapani na kifuani pasiwe na kitu: poda, dawa ya jasho, mafuta, marashi. Chembe zake huonekana kwenye picha kama madoa yanayofanana na ya ugonjwa. Najua kwetu mwanamke hatoki bila kunukia. Udi uliofukiza nguo hauna neno, marashi ya mwilini ndiyo yangoje jioni.

Kipimo cha mlango wa kizazi: siku mbili kabla usiingize dawa yoyote ukeni, usijisafishe ndani, na usikutane na mume. Kwa PSA, siku mbili kabla mwanamume asitoke manii wala asiendeshe baiskeli safari ndefu. Kama ana maambukizi ya mkojo, yatibiwe kwanza. Anayemeza finasteridi kwa ajili ya tezi iliyovimba amwambie daktari, kwani hushusha namba ya PSA karibu kwa nusu na kumfanya aonekane salama asivyo.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba

Unaruhusiwa kuomba muuguzi wa kike. Unaruhusiwa kuingia na mwenzako, dada au binti. Unaruhusiwa kubaki na buibui au leso ukafunua panapohitajika tu. Unaruhusiwa kusema "ngoja kidogo" na kipimo kikasimama. Waseme hayo mabinti kwa mama zao, kwa sababu aibu ndiyo huwafanya wengi warudi kutoka mlangoni. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na waliisema kwa wanawake wenye haya kama hizi hizi.

Mwambie muuguzi unachokiweza na usichokiweza kabla hujapanda kitandani. Anayepumua kwa shida akilala chali aombe kichwa kiinuliwe. Mwenye magoti au nyonga mbovu, au aliyepooza upande, anaweza kupimwa akiwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa kidogo. Si kila muuguzi atalikumbuka hilo, wewe mkumbushe. Asiyeweza kusimama mbele ya mashine ya mamografia aulize mapema kama anaweza kupigwa akiwa ameketi.

Na kuna jambo ambalo natamani lingejulikana kila nyumba ya kisiwa hiki: kipimo cha HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe. Unapewa kijiti chenye brashi au pamba, unaingia msalani au nyuma ya pazia, unakiingiza ukeni kama ulivyoelekezwa, unakizungusha, unakirudisha kwenye chupa yake. Hakuna kuvuliwa, hakuna chuma. Kwa mwenye mwili mzito, mwenye maumivu ya viungo, au aliyewahi kuumizwa na asiyetaka kuguswa, hii ndiyo njia. Uliza kama kituo chako kinatoa.

Hatua ya 8: Fuata majibu mpaka uyashike

Kabla hujatoka uliza matatu: majibu yatatoka lini, nitaletewa au nitayafuata, na nisipoyapata nimpigie nani. Acha namba mbili za simu, ya pili iwe ya mtu anayekaa na simu iliyochajiwa. Kimya kisichukuliwe kuwa ni salama. Wiki zilizotajwa zikipita, uliza.

Ukiambiwa una HPV, hujaambiwa una saratani. Ni virusi ambavyo watu wengi hupata, na mara nyingi mwili huvitoa wenyewe. Utaangaliwa mlango wa kizazi, na pakionekana mabadiliko huweza kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo, dakika chache, ukarudi nyumbani. Anayeishi na virusi vya ukimwi asiikose tarehe ya kurudi baada ya hapo, kwani mabadiliko huweza kurejea.

Na kama jibu ni lile ulilokuwa ukiliogopa, daktari wa saratani mwambie maradhi yako yote siku ya kwanza. Mamangu alipoanza matibabu Mombasa alipewa, pamoja na dawa za saratani, kidonge cha deksamethasoni cha kuzuia kutapika. Dawa za kundi hilo hupandisha sukari. Kule hawakuwa na kadi yake ya sukari, na huku Lamu hawakujua ameanzishiwa nini. Sukari ikapanda mpaka mashine ikaandika "HI" badala ya namba. Kosa lilikuwa letu, watoto, tuliobeba faili moja tukaliacha lingine kabatini. Alipoongezewa insulini kwa siku za dawa, ilitulia. Kuanzia hapo tulikuwa tukiingia kila chumba na kadi mbili mkononi, ya sukari juu, na kabla daktari hajaandika chochote tunaziweka zote mezani mbele yake.